Nyutroniamu na maada nzito kupindukia kama chanzo cha nishati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanajirudia kila mara kwa watu wanaopenda hadithi za sayansi, hasa zile ambazo chombo cha angani kinatembea miaka na miaka kwa kipande kidogo tu cha kitu kizito ajabu. Nimeyajibu kwa kirefu pale penye mambo na kwa kifupi pale ambapo hamna mengi ya kusema. Kama una haraka soma la pili na lile la zebaki nyekundu, hayo usiyaruke.

Hii nyutroniamu ni kitu gani?

Ni maada ya kubuni. Kwenye hadithi inaelezwa kama nyutroni tupu (zile chembe zisizo na chaji za ndani ya kiini cha atomi) zilizobanwa mpaka hamna nafasi katikati, punje yake inazidi mlima kwa uzito, haivunjiki, na ukiiweka kwenye injini inatoa nishati bila kuisha. Kuna wanaoipa majina mengine lakini sifa ni zilezile. Jina lenyewe lilianzia kwenye kemia, Andreas von Antropoff alilitoa mwaka 1926 kwa elementi namba sifuri aliyokuwa anaiwaza, isiyo na protoni hata moja, na wakati huo nyutroni yenyewe ilikuwa bado haijagunduliwa, James Chadwick alikuja kuithibitisha 1932. Kitu cha kweli kinachoikaribia kipo ndani ya nyota za nyutroni, yaani mabaki yaliyobanwa ya nyota kubwa zilizokufa, na huko kinakaa sababu kuna nyota nzima inakikandamiza.

Si kitu kikiwa kizito sana ndo kina nishati nyingi?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapotelea. Angalia dhahabu, densiti yake ni gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, na plutoni ni kama 19.8, yaani karibu sawa kabisa. Vyombo viwili vya angani vya Voyager vilirushwa 1977 na vimekuwa vikipata umeme kutoka kwenye joto la plutoni-238 miaka yote hiyo, lakini ungeweka dhahabu mahali pale pale wala visingewasha hata taa. Alafu kuna metali ya osmi ambayo ni nzito kuliko zote mbili, 22.6, na osmi kama osmi haikupi nishati yoyote. Kwahiyo densiti haijaingia kwenye hesabu hapo. Plutoni inatoa joto sababu kiini cha atomi yake kinaweza kubadilika kikawa kitu kingine kilichotulia zaidi, na ile tofauti kati ya kilipoanzia na kilipoishia ndo inatoka kama joto.

Chukulia bwawa la kufua umeme. Maji yanazungusha mtambo kwasababu yana pa kushukia, maji hayohayo yakishafika chini kabisa ya bonde hata yawe ziwa zima hayazungushi kitu tena. Sasa ukikutana na maada yoyote ya ajabu, ya kwenye hadithi au ya mtu anayekuuzia, swali la kuuliza ni moja tu: hiki kitu kinashuka kutoka wapi kwenda wapi? Mwandishi asiye na jibu la hilo hana chanzo cha nishati, ana jiwe zito tu. Maswali yote yanayofuata huku chini nayajibu kwa kuuliza hilohilo.

Lakini E=mc² si inasema masi yote ni nishati?

Inasema, ila kilo moja ya mchanga na kilo moja ya nyutroniamu zina mc² sawasawa, hamna aliyemzidi mwenzake. Tatizo ni kuitoa. Protoni na nyutroni hazipotei hivihivi, idadi yao kwa jumla inabaki ileile kwenye kila mmenyuko tuliowahi kuuona, kwahiyo unachoweza kuvuna ni ile tofauti ndogo ya jinsi zilivyoshikana kabla na baada. Ukipasua urani unavuna kama asilimia 0.09 ya masi. Ukiunganisha hidrojeni ikawa heli, kama jua linavyofanya, unavuna asilimia 0.7. Kuvuna asilimia 100 kwa mmenyuko unahitaji antimata, yaani maada ya kinyume inayofutana na maada ya kawaida zikigusana, na antimata haina haja ya kuwa nzito, inaweza kuwa nyepesi kama hewa na bado ikakupa kila kitu.

Tunaongelea densiti kiasi gani?

Maji ni gramu 1 kwa sentimita ya ujazo, risasi 11.3, osmi 22.6, na hapo ndo mwisho wa vitu vya kawaida unavyoweza kushika. Katikati ya jua ni kama 150. Kisha kunakuja kuruka kukubwa, nyota kibete nyeupe kama Sirius B, ambayo ina masi karibu sawa na jua lakini ukubwa wake ni kama wa dunia yetu, hapo sentimita moja ya ujazo inabeba tani nzima na zaidi. Nyota ya nyutroni inaruka tena, sentimita hiyohiyo inabeba tani milioni 230 hivi, ambayo ni densiti sawa na ya kiini cha atomi, na katikati kabisa ya nyota inazidi hapo mara kadhaa.

Nyota hizi Walter Baade na Fritz Zwicky walizipendekeza 1934, miaka miwili tu baada ya nyutroni kugunduliwa, na watu wengi hawakuzitilia maanani mpaka 1967 Jocelyn Bell alipoona kwenye chati za darubini ya redio mipigo inayojirudia kila sekunde moja na kitu bila kukosea. Nusu kipenyo cha nyota ya nyutroni ni kama kilomita 12 na masi yake mara nyingi ni moja na nusu ya jua hivi, zilizo kubwa zaidi tulizopima zinagusa mara mbili na kidogo.

Tukichota sentimita moja ya ujazo kutoka kwenye nyota ya nyutroni nini kinatokea?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake ndo linaloiua nyutroniamu ya hadithi nyingi.

Kule ndani nyutroni zimebanwa kwa presha ambayo ni kama mara bilioni trilioni moja ya ile iliyoko katikati ya dunia. Na sio kwamba zimelala tu hapo kwa raha zao, kanuni za kwanta zinakataza nyutroni mbili kukaa kwenye hali moja, kwahiyo kadri unavyozibana ndo zinavyolazimika kwenda kasi zaidi na kusukuma nje kwa nguvu zaidi, na kitu pekee kinachozizuia ni uzito wa nyota yote iliyo juu yao. Sasa we umekuja umechota kipande, umekitoa kwenye ule uzito, presha yote ile ya kusukuma nje bado iko ndani yake na ya kuirudisha haipo. Kinalipuka. Sentimita moja inatanuka kwa kasi ambayo ni sehemu kubwa tu ya kasi ya mwanga, kwahiyo kazi inaisha ndani ya muda ulio chini ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Nishati yake? Kuna ile ya kutanuka, alafu nyutroni zikishaachiana zinaanza kujikusanya kwenye viini na nyingine kugeuka protoni, hapo panatoka nishati nyingine, ukijumlisha unapata kati ya asilimia 2 na 3 ya masi yote. Ni nyingi kuliko kuunganisha hidrojeni, mara tatu mpaka nne. Kwa kipande cha tani milioni 230 hiyo inazidi kile ambacho jua zima linatoa kwa sekunde moja. Ile kimondo iliyomaliza dinosaria miaka milioni 66 iliyopita ilikuwa na nishati ambayo ni sehemu ndogo sana ya hii, unaongelea mamia mpaka maelfu ya vimondo vile kwa mpigo mmoja kutoka kwenye kitu kinachotosha kwenye ncha ya kidole.

Kwahiyo nishati ipo, tena ya kutisha. Ila imetoka wapi? Imetoka kwenye kubanwa. Ni nyota iliyokufa ndo ililipa ile gharama, graviti ya masi kubwa kuliko jua ilianguka ndani yake na kuibana ile maada. Ukitaka kuitengeneza mwenyewe itabidi uilipie nishati ileile uliyotegemea kuivuna na zaidi, na hapo umetengeneza betri, chanzo cha nishati bado huna.

Si tunaiweka tu kwenye kontena imara?

Kontena ya nini? Kila chuma, almasi, kila kitu unachokijua kimeshikana kwa elektroni za atomi, na nguvu ya elektroni haifiki popote karibu na presha ile. Maabara zinaweza kubana vitu kati ya ncha mbili za almasi mpaka kufikia presha ya katikati ya dunia, gigapaskali 360 hivi, na hayo ni mafanikio makubwa sana, lakini kutoka hapo mpaka kwenye nyutroni unahitaji kuzidisha kwa moja yenye sifuri 21. Mwandishi anayesema "uga wa nguvu" unaishikilia sina ugomvi naye, ni hadithi, ila ajue kwamba huo uga sasa ndo kifaa cha ajabu kuliko maada yenyewe, na ukizimika kidogo tu hadithi inaishia hapo.

Nyota yenyewe ikiwa ndogo sana nayo haiwezi, hesabu zinaonyesha nyota ya nyutroni ikishuka chini ya kama asilimia 10 ya masi ya jua graviti yake haitoshi tena kuishikilia. Hicho ndo kipande kidogo kuliko vyote kinachoweza kukaa chenyewe bila msaada.

Na kama ikawa imetulia kwa namna fulani, mtu anaweza kuibeba?

Tuseme umempa mhusika wako nyutroniamu isiyolipuka. Sentimita moja ya ujazo ni tani milioni 230, ukiiweka sakafuni inakandamiza kwa presha ambayo ni kama mara 60,000 ya ile ya katikati ya dunia, hamna mwamba wa kuizuia, itazama moja kwa moja kama inapita hewani, itafika katikati ya dunia, itapitiliza kuelekea upande wa pili kwa muda wa kama dakika 40, alafu itarudi, na itaendelea hivyo.

Na graviti yake yenyewe inaonekana. Ukisimama mita moja kutoka kwake inakuvuta mara moja na nusu ya dunia inavyokuvuta, yaani unaanguka kuelekea kwake. Ukifikisha mkono sentimita 10 mvuto umeshafika mara 150. Mtu hawezi kuikaribia, achilia mbali kuiweka mfukoni. Hilo la kuweka mfukoni nimelikuta kwenye hadithi nyingi mno na linaniuma sababu mwandishi angeweza kupata tukio zuri sana hapo, chumba ambacho kila kitu kinaegemea upande mmoja.

Nimesikia nyutroni ikiwa peke yake inaoza. Hiyo si ndo nishati yenyewe?

Ni sehemu. Nyutroni huru nusu yake inaoza ndani ya dakika 10 hivi, inakuwa protoni, elektroni na antinyutrino. Kilo moja ya nyutroni ikioza yote inatoa nishati kama ya tani 1,600 za petroli, ambayo inakaribiana na kupasua urani. Ubaya ni kwamba zaidi ya nusu inaondoka na antinyutrino, na hizo zinapita kwenye dunia nzima bila kugusa kitu, huwezi kuzikamata kwenye mtambo wowote. Pia huwezi kuiharakisha wala kuichelewesha kwa kubonyeza kitufe. Injini yenye mafuta yanayoisha nusu kila dakika 10 utake usitake ni kazi ngumu kuendesha, japo kwa hadithi ya watu wanaokimbizana na muda mimi naona ni wazo zuri.

Kwanini nyutroni zisishikane zenyewe kama kwenye kiini?

Kwasababu ile nguvu inayozivuta haitoshi bila protoni kuwepo. Mbili hazishikani. Mwaka 2022 kwenye maabara ya RIKEN kule Japani walitoa dalili nzuri za nyutroni nne zilizokaa pamoja, na zilikaa kwa muda mfupi usioweza hata kuufikiria, kama sehemu ya trilioni ya sehemu ya bilioni ya sekunde hivi, basi.

Vipi kuhusu maada ya kwaki?

Hapa ndo pana nafasi ya kweli kwa mwandishi. Arnold Bodmer mwaka 1971 na Edward Witten mwaka 1984 walitoa wazo kwamba maada yenye kwaki (chembe zinazounda protoni na nyutroni) za aina tatu, juu, chini na ile inayoitwa ngeni, inaweza kuwa imetulia kuliko hata chuma. Chuma ndo kiko karibu na sakafu kabisa kwa viini vya kawaida, ukishafika chuma hamna tena pa kushuka. Wazo lao linasema inawezekana chini ya hiyo sakafu kuna sakafu nyingine.

Kama ni kweli, hii ni maada nzito kama kiini cha atomi, inakaa yenyewe bila kubanwa na nyota, na kila nyutroni utakayoidondoshea itamezwa na kutoa miale ya gama. Umeona tofauti? Hapa maada nzito haiungui hata kidogo, inakuwa ndo bonde lenyewe na mafuta ni kitu kingine chochote chenye nyutroni. Kuna wanafizikia miaka ya 1980 waliwahi kulipigia hesabu hili kama chanzo cha nishati, kwa umakini kabisa.

Haijawahi kupatikana. Na watu wana haki ya kuuliza kama haitameza dunia. Kinga yake ni kwamba kipande cha aina hii kinategemewa kuwa na chaji chanya kwa nje, na viini vya kawaida navyo ni chanya, kwahiyo vinasukumana, ni nyutroni peke yake inayoweza kuingia bila kuzuiwa. Wakati mtambo wa kugonganisha viini vya atomi wa RHIC kule Marekani unakaribia kuwashwa mwaka 2000 wanafizikia waliliangalia hili swali kwa undani, na moja ya hoja zao ni kwamba miale ya anga imekuwa ikiupiga mwezi kwa mabilioni ya miaka kwa nguvu kubwa na mwezi bado uko pale. Ni hoja nzuri, ninaiamini.

Shimo jeusi dogo je?

Ndo kitu kizito kuliko vyote, na Stephen Hawking alionyesha 1974 kwamba linatoa mionzi, na kadri linavyokuwa dogo ndo linavyotoa zaidi. La tani milioni moja lingetoa nishati zaidi ya mara 10 ya ile inayotumiwa na dunia nzima kwa sasa, na lingedumu mamia ya miaka au zaidi. Linageuza masi yote kuwa nishati bila kujali umelilisha nini, kwahiyo kwa karatasi hili linashinda kila kitu kwenye ukurasa huu.

Ila ukubwa wake ni mdogo kuliko protoni mara mia kadhaa, kulilisha ni kama haiwezekani manake mionzi yake inasukuma kila kitu mbali, huwezi kulizima, na linavyozidi kupungua linazidi kuwaka mpaka mwisho wake ni mlipuko. Hamna aliyewahi kuona mionzi hiyo kwenye shimo jeusi la kweli, ya mashimo makubwa ni hafifu mno.

Basi kuna namna yoyote ambayo uzito wenyewe ndo unaleta nishati?

Ipo, na inatokea kila siku angani. Dondosha kitu kwenye nyota ya nyutroni, kinaanguka kwa kasi kubwa mno, kikigonga uso wake kinatoa joto sawa na kama asilimia 15 mpaka 20 ya masi yake yote. Linganisha na ile 0.7 ya jua. Na haijalishi umedondosha nini, hidrojeni, mawe, takataka, zote bei moja. Shimo jeusi linalozunguka kwa kasi ya juu kabisa linaweza kufikisha asilimia 42 kwa gesi inayozunguka kuingia ndani yake. Scorpius X-1, iliyoonekana kwa roketi mwaka 1962 ikiwa chanzo cha kwanza cha eksirei kutoka nje ya mfumo wetu wa jua, ni hiki hiki, nyota ya nyutroni inavuta gesi kutoka kwa nyota mwenzake.

Sasa mtu anasema sawa, basi natumia kipande cha sentimita moja nakidondoshea vitu. Nimeipiga hiyo hesabu na nakuomba uipige na wewe: kilo moja ikianguka kutoka mbali mpaka kwenye uso wa kile kipande cha tani milioni 230 inapata kama jouli 2,500. Kilo moja ya petroli ina jouli milioni 46. Kipande ni kizito ajabu lakini bonde lake la graviti ni dogo, la kukuvuta ukiwa karibu linatosha, la kuendesha injini halitoshi hata kidogo. Graviti inahitaji nyota nzima ndo ilipe. Ndo maana kwenye hadithi ustaarabu mkubwa unaohamia karibu na nyota ya nyutroni unaingia akilini kuliko rubani mwenye punje kwenye injini.

Kuna vitu vya kweli ambavyo watu wamejaribu?

Viwili vinafaa kutajwa. Cha kwanza ni hidrojeni ya metali, Eugene Wigner na Hillard Huntington walitabiri 1935 kwamba hidrojeni ikibanwa vya kutosha inakuwa metali. Kuna waliofikiria kuitumia kama mafuta ya roketi kama itabaki imetulia baada ya presha kuondolewa, manake ikirudi kuwa gesi ya kawaida inatoa jouli milioni 216 kwa kilo, karibu mara tano ya petroli. Mwaka 2017 timu ya Harvard ilitangaza imeipata, wataalamu wengine wakapinga, na kile kisampuli kikapotea almasi ilipovunjika. Hiyo ya kubaki imetulia haijaonyeshwa.

Cha pili ni hafni-178m2, aina maalum ya metali ya hafni. Kiini chake kimekaa kwenye hali ya juu ya nishati na kinashuka taratibu, nusu yake miaka 31, na gramu moja imebeba jouli bilioni 1.3, kama kilo 300 za baruti ya TNT. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi moja kule Texas lilisema eksirei za kawaida zinaweza kuifungua yote kwa haraka, wengine wakarudia jaribio kwa eksirei zenye nguvu zaidi kwenye maabara ya Argonne na hawakuona kitu. Na hata ingefanya kazi ni betri, lazima uitengeneze kwanza kwa gharama kubwa kuliko unachopata.

Zebaki nyekundu inauzwa, wanasema ni nzito kuliko dhahabu na ina nguvu ya nyuklia. Ni kweli?

Hapana. Nakuomba kwa dhati usitoe hela.

Haya maneno yalisambaa sana mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 Umoja wa Kisovieti ulipokuwa unavunjika, kwamba kuna maada ya siri yenye densiti ya zaidi ya 20 inayoweza kutengeneza bomu dogo la nyuklia. Wakala wa kimataifa wa nishati ya atomiki, IAEA, walisema wazi 2004 kwamba kitu hicho hakipo. Lakini hadithi inahama tu na kubadilisha nguo, mwaka 2009 kule Saudi Arabia watu walinunua vyerehani vya zamani kwa bei za kushangaza wakiamini vina zebaki nyekundu ndani, na kusini mwa Afrika kuna watu wamekufa wakifungua mabomu ya ardhini kuitafuta humo. Wamekufa kwa ajili ya kitu ambacho hakijawahi kuwepo kwenye maabara yoyote. Hii ndo sababu kubwa ya mimi kuandika yote haya, manake ukishajua kwamba densiti haikupi nishati, maneno ya muuzaji yanaanguka yenyewe. Muulize kinashuka kutoka wapi kwenda wapi. Atakwambia ni siri ya serikali, atakwambia ukitie karibu na kitunguu saumu uone, atakuonyesha video. Hatakujibu.

Zebaki yenye rangi nyekundu kwenye kemia ipo, oksidi ya zebaki inaweza kuwa nyekundu na madini ya sinaba ni mekundu, zote ni sumu na hamna nyuklia hapo.

Naandika hadithi na bado naitaka nyutroniamu yangu. Nifanyeje?

Itumie tu, ila amua mapema ni ya aina gani sababu kila aina inakuletea matatizo tofauti na matatizo ndo yanakupa hadithi. Ikiwa inataka kutanuka, basi unachoandika ni bomu linalozuiwa kila sekunde, na wahusika wako wote wanapaswa kuishi kama watu wanaolijua hilo. Ikiwa ni ya kwaki inayomeza, basi chanzo cha nishati ni kile unachoilisha na hofu ni ya kuilisha kupita kiasi. Ikiwa ni betri, mwambie msomaji nani aliichaji na kwa gharama gani, hapo unaweza kuweka vita nzima.

Kama unataka nguvu za kati na kati kuna kitu waandishi wanakisahau, maada ya nyota kibete nyeupe, tani moja kwa sentimita, nayo inataka kutanuka lakini kilo yake imebeba nishati ya makumi ya maelfu ya kilo za petroli tu badala ya mamilioni, kwahiyo ajali yake inaweza kuua mji bila kumaliza sayari, na watu wa kusimulia wanabaki.

Na shuka kwenye vipimo vidogo. Sentimita moja ni kubwa mno kwa chombo chochote. Tani moja ya maada ya nyutroni ni punje yenye upande wa maikromita 16, nyembamba kuliko unywele, na nishati yake ikitoka yote ni kama megatani 500 za TNT, yaani mabomu 10 ya lile kubwa kuliko yote lililowahi kulipuliwa, la Wasovieti mwaka 1961. Kwa chombo cha watu wachache hata hiyo ni nyingi. Gramu moja tu ni tani 500 na kitu za TNT, huwezi kuiona hata kwa darubini ya kawaida ya maabara bila kuhangaika, na injini inayoweza kuilegeza gramu hiyo polepole kwa mwezi mzima inapata karibu megawati moja muda wote, inayotosha kuwasha taa, kusafisha hewa na kuyeyusha barafu ya maji kwa chombo chenye watu wengi tu.